Niko intanshipu Malindi, nyumbani wanataka niwe daktari wa kina mama lakini roho yangu iko kwa udaktari wa usingizi, wale wa kulaza mgonjwa anayepasuliwa. Nyinyi mlichaguaje spesha (fani ya ubingwa)?

Binti_Langoni

Assalamu alaykum, na wasio Waislamu pia salamu zenu. Mimi ni binti wa Amu (Lamu), kwetu Langoni, saa hizi niko Malindi namalizia intanshipu, nimebakisha wodi ya watoto tu alafu kaunsili ya madaktari inipe leseni inshallah. Najua mtasema bado mapema kuuliza mambo ya spesha lakini kwetu hili swali lishafika nyumbani kabla yangu, yaani nikienda wikendi kila nyumba nikiingia naambiwa "daktari wetu wa kina mama huyo kaja".

Mnajua hali ya kwetu. Kuna mwanamke akisikia daktari aliyeko leo ni mwanamume anageuza njia anarudi nyumbani, na wengine wanaanza kliniki mimba ishakuwa kubwa kwa sababu hio hio. Mamangu na shangazi zangu wanaona hii ni amana, nilisomeshwa na ukoo mzima watu walichanga, sasa nirudi niwazalishe wake zao na binti zao. Na mimi siwapingi, uzito wake nauona vizuri sana.

Shida ni moyo. Nilipokuwa upasuaji niliona nataka kisu, nilipoenda magonjwa ya ndani nikasema hawa ndio wanaofikiri kweli kweli, huko uzazi nako nikafurahi. Lakini kote huko kitu ambacho hakijanitoka kichwani ni ule upande wa kichwa cha meza pale thieta. Hata nikiwa nimeosha mikono nasaidia kupasua, macho yangu yako kwa monita. Mama kapigwa sindano ya mgongo, presha inaanza kuporomoka, anasema roho yanienda mbio nataka kutapika, mtu wa usingizi anamuegemeza kushoto, anafungulia maji, anapiga efedrini kidogo ya kupandisha presha, baada ya dakika mbili yule yule mama anauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Wallahi hio kazi naipenda. Unafikiri, unatenda, jibu unaliona hapo hapo.

Sasa nikimwambia mama nataka kuwa daktari wa usingizi ananiuliza, kwani hio nayo ni udaktari? Alafu kuna mambo ya kazi, nikishamaliza Amu kutakuwa na pa kunitumia? Na miaka yote ya Nairobi, na mimi pia nataka kuolewa nizae.

Kwa hivyo nauliza waliopita hii njia, mlichagua vipi? Na je ni vibaya kuchagua unachokipenda na watu wako wanahitaji kingine? Istikhara naswali, ila na nyinyi nataka niwasikie.

---

MO_Sabaki

Waalaykum salaam dadaangu. Mimi ni MO (daktari wa kawaida, si bingwa) hapa hapa Malindi na bado sijaenda MMed (masomo ya ubingwa) kwa hivyo chukua maneno yangu kama ya mtu aliye njiani.

Kitu cha kwanza, usiiamini sana rotesheni, hii ya kuzunguka wodi. Miezi mitatu mitatu ni michache, na mara nyingi unachopenda sio fani bali ni konsaltanti, yaani daktari bingwa anayekusimamia. Ukipata mtu anayefundisha kwa roho safi, anakuita jina lako, anakuachia ushone, basi utaona upasuaji ndio maisha, na ukipata anayekufokea mbele ya wagonjwa utachukia fani ambayo pengine ingekufaa. Mimi nimeona wenzangu wamekimbia wodi ya watoto kwa sababu ya mtu mmoja tu. Kwa hivyo jiulize, huyo mtu wa usingizi akitolewa pale akaletwa mwingine mkali mwenye kununa, bado utakuwa unaangalia monita?

La pili, na hili ndio kubwa kwangu, usipime fani kwa siku yake ya kusisimua. Presha ikishuka kila mtu anaona raha ya kuipandisha. Pima kwa siku ya kawaida. Siku ya kawaida ya daktari wa kina mama ni kliniki imejaa, uchafu wa ukeni, hedhi zisizokatika, wanaotafuta mtoto mwaka wa sita, uzazi wa mpango, na simu usiku. Ya mtu wa usingizi ni kukaa masaa manne operesheni ndefu na hakuna kitu kinatokea na wewe huruhusiwi kuchoka. Sasa ni gani kati ya hizo mbili ukiifanya Jumanne mchana na njaa imekushika bado unaona afadhali uko hapo?

Na usiogope kuambiwa umechelewa. Wenzetu Marekani mwanafunzi anachagua fani akiwa bado yuko chuo mwaka wa mwisho, wanapangwa na ule mfumo wao wa NRMP ambao uko tangu 1952, Machi wanapata majibu na Julai wanaanza. Uingereza wanapewa miaka miwili ya kuzunguka kwanza. Sisi tunafanya intanshipu mwaka mmoja alafu wengi tunakaa kaunti kama MO miaka kadhaa kabla ya MMed, na watu wanalia kwamba ni kupoteza wakati. Mimi sioni hivyo kabisa. Hio miaka ndio unajua nini unaweza kukifanya ukiwa peke yako saa tisa za usiku na hakuna wa kumuuliza. Mimi niliingia nikitaka mifupa, sasa ajali za bodaboda ninazoziona kila wikendi zimenifanya niitake zaidi, na kuna mwenzangu ajali hizo hizo zimemtoa kabisa.

---

Mkunga_wa_Visiwani

Mwanangu Binti_Langoni, mimi ni nesi mkunga, nimezalisha visiwani huko miaka mingi, Pate na Faza nazijua njia zake zote, kwa hivyo nisikize kama mama yako pia.

Mama yako hakukosea. Nyie vijana mkisikia "jamii inahitaji" mnaona ni kubebeshwa mzigo, lakini mimi nimekaa na wanawake wameficha mambo mpaka yameharibika. Mwenye kutokwa na mkojo baada ya uzazi anakaa ndani miaka hatoki hata kwenye harusi, anaona aibu kumvulia mwanamume nguo. Mwenye uvimbe anavuja damu mpaka macho meupe ndio aletwe, na ukimuuliza kwa nini hukuja anakwambia sikujua kama ntampata mwanamke. Huyo mwanamke akija wewe, anayekujua kwenu, anayekusikia unazungumza Kiamu chake, atasema yote. Hakuna mashine inayofanya hivyo.

Na ukizidiwa kisiwani, si kama Malindi unaita gari. Msimu wa kusi bahari imechafuka, ama maji yamekupwa boti yangoja, alafu uvuke mpaka Mokowe, alafu barabara ya Witu na Garsen mpaka huko uliko wewe, na kama haijawezekana Malindi ni kilomita kama 120 nyengine mpaka Mombasa. Damu haingoji haya yote. Kila mtu akisema nafuata moyo wangu na moyo wake ukamwambia Nairobi, nani atabaki huku?

Sikukatazi. Nakwambia tu usichukulie kwamba wanaokuambia urudi kwa kina mama hawakuelewi.

---

Ngozi_Tuu

Salamu. Nitakuwa mfupi. Mimi ni mama wa watoto wanne na niko kwa magonjwa ya ngozi, na nilichagua kwa sababu ya maisha kwanza, ugonjwa baadaye, na sioni haya kusema. Hakuna simu za usiku, nalala nyumbani, naswali tarawehe msikitini na wengine. Usikubali mtu akuambie kufikiria ndoa na watoto ni uvivu. Miaka ya MMed inaangukia ile ile miaka ya kuzaa, na hilo mwanamke asipolifikiria yeye hakuna atakayemfikiria. Kina mama na usingizi zote zina usiku, ila usingizi ukitoka zamu umetoka, daktari wa uzazi mgonjwa wake anamfuata mpaka nyumbani.

---

Rejistra_Usiku

Binti_Langoni nimesoma swali lako nikiwa kwa zamu nikasema huyu lazima nimjibu, kwa sababu niko MMed ya usingizi Nairobi na mimi ni wa pwani vile vile.

Nianze na Mkunga, kwa heshima zote mama. Ulichosema kuhusu aibu na kuficha ni kweli tupu. Lakini hebu tuangalie nani anamuua yule mama pale mwisho. Kuna utafiti mkubwa ulifanywa nchi 22 za Afrika ukachapishwa 2019, ukaonyesha kina mama wanaokufa baada ya kupasuliwa kujifungua ni kama 5 kwa kila 1000, na hio ni kama mara 50 ya nchi tajiri. Mambo yaliyoambatana na vifo hivyo ni damu kutoka nyingi, na jengine ni matatizo ya dawa ya usingizi yenyewe. Kupasua MO anajua, huyu dada mwenyewe akimaliza intanshipu atakuwa anapasua. Ambaye hayuko ni wa kumshikilia yule mama mwenye kifafa cha mimba ambaye presha yake iko juu, damu haigandi vizuri, na sindano ya mgongo haifai. Hapo ndio utajua kama usingizi ni udaktari ama sio udaktari. Sehemu nyingi kazi yote hio imebebwa na klinikal ofisa (tabibu asiye daktari) wa usingizi mmoja au wawili, watu hodari sana nawavulia kofia, lakini hawana konsaltanti wa kumpigia simu.

2015 tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji ilisema nchi ilenge angalau madaktari bingwa 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa pamoja kwa kila watu laki moja ifikapo 2030. Angalia wamewaweka hao watatu kapu moja, hawakusema wapasuaji tu, kwa sababu mmoja akikosekana wawili waliobaki wanakaa.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyekwambia. Mama akiwa mezani yuko macho, kafunuliwa, pazia limewekwa kifuani, hawaoni wanaompasua. Mtu pekee anayemuona ni aliye upande wa kichwa. Huyo ndio anamshika mkono, ndio anamwambia sasa utahisi kuvutwa usiogope, ndio wa kwanza kumjibu akiuliza mbona mtoto halii. Mimi nimewahi kuwa na bibi wa Kibajuni pale mezani anatetemeka, nikamsalimia kwa lahaja yake akatulia bila dawa yoyote. Kwa hivyo usione kama kuchagua usingizi ni kuwakimbia wanawake wa Amu.

Sasa ukweli wa upande wa pili pia, usije ukanilaumu. Hakuna mgonjwa atakayekukumbuka jina. Wataleta halua na asante kwa aliyepasua, wewe umemlinda usiku kucha na hakujui, na kama wewe ni mtu wa kuhitaji kuambiwa ahsante itakuuma. Nahodha akivusha watu salama hakuna anayeuliza upepo ulikuwaje, ndio hivyo. Kliniki ya binafsi ya peke yako ni ngumu, unategemea thieta za watu. Na kazi sio thieta tu, nusu ya maisha yangu ni ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), na ICU watu wanakufa. Ukae ICU kwanza kabla hujaamua, usiamue kwa thieta peke yake, kwa sababu thieta wagonjwa wetu wengi wanaamka na ICU sio hivyo.

Kitu kilichoniamulia mimi ni hiki, niliangalia mambo yakiharibika nataka kuwa nimesimama wapi. Daktari wa uzazi damu ikimwagika anataka kuwa na mikono ndani azuie. Mimi kila mara nilijikuta nakimbilia kichwani, njia ya hewa, mishipa, damu iagizwe. Mwili ulishachagua. Wewe umesema hata ukiwa umeosha mikono macho yako kwa monita, mimi hapo nimeshasikia jibu lakini sitaki kukuamulia.

---

Mkunga_wa_Visiwani

Hilo la kumshika mkono nimelikubali mwanangu Rejistra. Nimewaona mezani wanavyotafuta uso wa kuangalia. Lakini bado nasema aliye mezani keshafika hospitali. Mimi nawazungumzia wasiofika.

---

DktWatoto_Kilifi

Nimependa huu mjadala. Mimi ni daktari wa watoto na sikuipenda wodi ya watoto nikiwa intanshipu, nililia sana pale. Kilichonivuta ni mahali. Ukifanya kazi Kilifi unaona siko seli (seli mundu) mpaka basi, mtoto yule yule anarudi na maumivu, anarudi na damu imekwisha, unamjua yeye na ndugu zake na bibi yake. Na pale pale kwenye hospitali ya kaunti kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome tangu 1989, chanjo ya malaria ya RTS,S ambayo WHO iliipitisha itumike kwa watoto 2021, Kilifi ni moja ya sehemu ilikofanyiwa majaribio. Kwa hivyo nilikuwa na ugonjwa wa watu wangu na watu wa kunifundisha kuuchunguza, mlango mmoja. Nasema hivi kwa sababu watu wanachagua fani kama iko hewani. Iko mahali. Fani nzuri mahali pasipo na vifaa wala mwenzako wa kushauriana naye inaweza kukuvunja.

Ndio maana, Binti, kabla ya kuendelea kuuliza moyo, uliza kaunti. Tangu afya igatuliwe 2013 mwajiri wako ni kaunti na ndio inayokupa ruhusa ya masomo. Ukipata, mshahara unaendelea, unafunga bondi ya kurudi kuitumikia. Usipopata unajilipia karo na wengine wanafanya kazi wodini miaka yote ya MMed bila mshahara, nimeona watu wamekopa mpaka wamekwama, na MMed nyingi ni miaka 4 au 5. Kwa hivyo nenda idara ya afya ukaulize kwa upole, mpango wenu wa madaktari bingwa ukoje, fani gani mnazo na gani hamna. Hapo unaweza kukuta ugomvi wako na nyumbani umekwisha wenyewe, kwa sababu kaunti ikikwambia tunataka mtu wa usingizi, hio tena ni barua unaweza kumsomea mama.

Na ujue njia sio chuo kikuu tu. Wapasuaji wana chuo chao cha COSECSA tangu 1999, unasomea kazini kwenye hospitali iliyokubaliwa, miaka miwili unapata uanachama, na kwa upasuaji wa jumla mitatu mingine unapata ufelo, yaani ubingwa wenyewe. Wa uzazi nao wana ECSACOG na wa usingizi wana CANECSA. Ulizia vizuri masharti kabla hujaweka matumaini kwa Nairobi peke yake.

MO_Sabaki nakuunga mkono kuhusu konsaltanti, ila kwa siku ya kawaida ningeongeza kitu. Usiangalie siku ya kawaida ya kijana wa intanshipu kwenye fani hio, yeye anatoa damu na kuandika faili. Angalia ya mtu wa miaka 50 aliye kwenye fani. Kaa naye, muulize saa ngapi anaamka, nini kimemchosha, watoto wake wanamuona. Wengi hufurahi kuulizwa, kwa sababu hakuna anayewauliza.

---

Binti_Langoni

Jamani shukran sana, nimesoma yote na mengine nimeyasoma mara mbili. Mama Mkunga maneno yako ya wasiofika yameniingia, sina jibu lake na sitaki kujifanya ninalo. Nimefikiria labda hata nikiwa mtu wa usingizi naweza kukaa kliniki ya wajawazito siku moja kwa wiki, niwaangalie wale wenye presha na moyo mapema kabla hawajafika mezani, sijui kama inafanyika lakini nitauliza.

Dkt nimeandika yote ya kaunti. Na Rejistra, ICU nitaomba. Nikimaliza wodi ya watoto nina siku kabla ya leseni kutoka, ntamuomba konsaltanti wa Mombasa nikae naye kama hawatanikatalia.

Mama nilimpigia jana usiku, nikamuelezea lile la kushika mkono. Alinyamaza, alafu akauliza, yule aliyekuwa akizungumza na mimi siku nilipopasuliwa kumzaa kakako ndio huyo wa usingizi? Nikamwambia ndio huyo. Akasema yule alikuwa mwanamume, na angekuwa mwanamke ningependa zaidi.

Swali moja limebaki. Barua ya kuomba ruhusa ya masomo kaunti naweza kuipeleka nikiwa bado sijaajiriwa ya kudumu?

---

DktWatoto_Kilifi

Kuuliza fani zipi wanazihitaji unaweza leo hii. Ruhusa yenyewe wanapewa walioajiriwa, na kwa kawaida wanataka uwe umeshafanya kazi kwanza, muda wake ukaulize idara ya afya kwa sababu kila kaunti na masharti yake. Anza na kazi ya MO, na wakikuuliza unataka wapi waambie thieta ya uzazi, hapo utakuwa na Mkunga upande mmoja na Rejistra upande wa pili.

---

Mkunga_wa_Visiwani

Na ukipata kazi Amu uniambie mapema nije nikutembeze visiwa, uwaone wenyewe huko waliko.